Mkunga wa Mama Wingu

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, na aliye nyuma naye aitikie!

Pakawa!

Basi sukumeni kuni ndani, mpeane nafasi, anayesinzia amwegemee mwenzake. Hapo zamani za kale, milima ilipokuwa ikijuana kwa majina na ndege hawajaona haya kusema na watu, palikuwa na kijiji kiitwacho Mahero, begani mwa mlima Irundwe. Juu ya Mahero hapakuwa na kijiji kingine. Palikuwa na msitu, na juu ya msitu palikuwa na Mama Wingu.

Mama Wingu alikaa kileleni siku zote. Asubuhi alishuka kidogo, akalowesha migomba, akajaza chemchemi, kisha akapanda tena taratibu, kama mtu aliyekuja kuwajulia hali jamaa zake. Watu wa Mahero wakiamka walimtazama yeye kwanza. "Mama yupo," waliambiana, na siku ikaanza.

Enzi hizo watoto wote walifundishwa uwanja mmoja. Walijifunza kazi ya mikono, wakajifunza maarifa ya kichwa, wakajifunza maombi ya moyo. Lakini wakubwa wakaanza kubishana. Wenye majembe wakasema, "Sisi ndio tunaolisha kijiji." Wenye kusoma nyota wakasema, "Bila sisi msingejua siku ya kupanda." Wenye kuomba wakasema, "Bila sisi hata mbegu isingeota." Kila kundi likajitengea uwanja wake, likachukua watoto wake, likazungushia ua. Ikafika mahali mtu akianguka na mzigo njiani, anayepita anauliza kwanza, "Huyo ni wa uwanja gani?"

Asubuhi moja watu wakaamka, wakatazama juu, kilele ki kitupu.

Palibaki jiwe tu, jeusi, lenye mikunjo kama goti la tembo. Hakuna aliyepata kuliona tangu azaliwe. Mtoto mmoja akaficha uso kwenye kanga ya mama yake, akalia, "Mlima umevuliwa nguo!"

Mama Wingu ameondoka. Chemchemi zikapungua, zikawa matope, matope yakawa vumbi. Migomba ikainama.

Kateri, mwenye nguvu kuliko wote, akabeba kamba nene akasema, "Nitamvuta arudi." Akaenda, hakurudi. Namvumo, bingwa wa nyota na upepo, akasema, "Nitamweleza kosa lake, atarudi." Akaenda, hakurudi. Mzee Sekiete, kiongozi wa maombi, akasema, "Nitamwimbia, atarudi." Akaenda, naye hakurudi.

Sasa palikuwa na mkunga, jina lake Nankondo. Huyu hakuwa na uwanja. Alipoitwa usiku au mchana hakuuliza ni nyumba ya nani. Alishika fimbo yake akaenda. Siku moja alizalisha mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti, na nyumba nzima hapakuwa na tone la maji la kumwogesha. Nankondo akakata shina la mgomba, akalikamua, akampangusa mtoto kwa utomvu ule. Mama wa mtoto akamtazama. Nankondo akatoka nje, akakaa kizingitini.

"Nitakwenda mimi," akasema.

"Una nini cha kumpa wewe?" wakamuuliza.

"Sijui. Bado sijamwona."

Wanawake wakaingia kwenye shimo la chemchemi, wakachimba chini ya vumbi, wakakwangua tope, wakachuja kwa kitambaa, wakampa maji kibuyu kimoja kidogo. Ndiyo yaliyokuwa yamebaki.

Nankondo akapita msitu, akapita mabonde, jua likimchoma utosini. Juu ya mti mkavu alimkuta hondohondo, yule ndege mwenye mdomo kama mundu.

"Hodi, baba mwenye mti," akasema Nankondo. "Namtafuta Mama Wingu."

"Haa! Nyie watu wa Mahero!" akapayuka hondohondo. "Wa kwanza alipita hapa akaniuliza, 'Shingo yake iko wapi, nimfunge?' Wa pili akaniuliza, 'Amekwenda upande gani wa upepo, nimhesabie makosa?' Wa tatu akaniuliza, 'Ana hasira kiasi gani, nimtulize?' Haya, na wewe uliza lako."

Nankondo akasema, "Mimi nauliza tu, ni mzima?"

Hondohondo akafumba mdomo. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Kisha akaruka, mabawa yakivuma, na Nankondo akamfuata.

Walifika ukingoni mwa bonde lisilo na jina. Nankondo akatazama chini, fimbo ikamponyoka.

Mama Wingu alikuwa amelala bondeni. Alilijaza bonde zima, mweupe huku, wa kijivu kule, mweusi kabisa tumboni. Alikuwa akipumua. Akivuta pumzi, miti ya ukingoni iliinama kumwelekea. Akiitoa, miti ilisimama ikitetemeka. Ndani yake mwanga ulipita kimyakimya, ukazimika, ukapita tena, kama taa inayobebwa chumba hadi chumba katika nyumba kubwa mno. Nankondo, jamani, alipiga magoti bila kujua kwamba amepiga magoti.

Pembeni aliwaona wenzake watatu, wamekaa kila mmoja juu ya jiwe lake. Midomo imepasuka kwa kiu. Kamba ya Kateri ilikuwa imeungua katikati.

"Mama Nankondo, usimsogelee," akasema Kateri. "Nilimrushia kamba, radi ikaila. Nimeona haya kurudi nyumbani mikono mitupu."

"Nimemweleza kila kitu," akasema Namvumo. "Hata hakugeuka."

Mzee Sekiete akasema kwa sauti iliyokwama, "Mimi nimeimba mpaka koo limekatika. Pengine Muumba ametuchoka."

Nankondo alikuwa akisikiliza bondeni. Mama Wingu alivuta pumzi, akaishikilia, akaitoa kwa mguno mrefu. Akatulia. Akavuta tena, akaishikilia, akaguna. Nankondo akasimama wima.

"Nyie watu," akanong'ona. "Huyu hana hasira wala hajatuchoka. Huyu yuko kwenye uchungu."

"Uchungu wa nini?" akauliza Kateri.

"Uchungu wa uzazi! Anajifungua!"

Akateremka bondeni mbio, kanga ikimpeperuka. Alipokaribia, baridi ilimpiga usoni kama maji ya kisima. Akasema kama anavyosema kila nyumba anayoingia, "Hodi, mama. Nimekuja kukushika mkono."

Sauti ikatoka pande zote za bonde, nzito, ya chinichini, hata kokoto zikacheza. "Nani huyo?"

"Nankondo, mkunga wa Mahero."

"Wamekuja wa Mahero. Mmoja alinivuta. Mmoja alinigombeza. Mmoja alinibembeleza nirudi. Wote walinitaka. Wewe unanitakia nini?"

"Nakutakia ujifungue salama, mama. Mengine baadaye."

Polepole, weupe wa Mama Wingu ukafunguka mbele ya Nankondo kama pazia.

Nankondo akakunja mikono ya gauni, akaingiza mikono yake ndani, mpaka viwiko, mpaka mabegani. Ndani mlikuwa na baridi, kisha joto, kisha kitu kisicho baridi wala joto. Alisikia moyo ukipiga, mkubwa, wa mbali, kama ngurumo ya nchi nyingine. Halafu chini ya vidole vyake akasikia moyo wa pili, mdogo, wenye haraka. Machozi yakamtoka. Alikuwa ameshika mioyo mingi ya watoto wachanga, lakini huu ulikuwa moyo wa mvua.

"Mtoto amekingama," akasema. "Amelala ubavu, hawezi kutoka. Mimi peke yangu sitaweza." Akageuka, akaita kwa nguvu zake zote. "Kateri! Shuka uje umwegemeze mgongo! Namvumo! Nahitaji kujua upepo utageuka lini, asukume nao! Mzee Sekiete, njoo uimbe!"

"Koo langu limekwisha," akasema mzee.

"Basi imba na lililobaki, baba! Mwenye uchungu hasikilizi uzuri wa sauti, anasikiliza kama yupo mtu!"

Wakashuka. Kateri akaweka mgongo wake mpana nyuma ya Mama Wingu, visigino vikachimba ardhi. Namvumo akainua kidole kilicholowa ukungu, akafumba macho, akasema, "Bado... bado... upepo unatoka bondeni, unakuja..." Na mzee Sekiete akaanza kuimba kwa sauti ya mkwaruzo:

"Pumua, mama, pumua,
mlango u wazi, pumua,
tuko nawe, pumua."

Namvumo akaruka. "Sasa!"

"Sukuma, mama!" akasema Nankondo, huku akimgeuza mtoto kwa vidole, taratibu, taratibu. Mwanga ukampitia mikononi hadi mifupa yake ikaonekana ndani ya nyama. Mara ya kwanza mtoto hakugeuka. "Pumua, mama, pumua." Mara ya pili aligeuka nusu, Nankondo akapiga kelele kwa maumivu, lakini mikono hakuitoa. "Mlango u wazi, pumua." Mara ya tatu Namvumo akaita, Kateri akanguruma, upepo ukapanda bondeni kama mto unaokwea, na Mama Wingu akalia kilio kilichosikika mpaka Mahero. Watu huko walitoka nje wakishikana, bila kutazama nani ni wa uwanja gani.

Kisha kimya.

Mikononi mwa Nankondo palikuwa na kiwingu kidogo, kama mwana-kondoo, cheupe pee, chenye unyevunyevu. Kikapiga chafya. Matone yakamwangukia Nankondo puani.

"Amezaliwa, mama," akasema, akicheka na kulia. "Amezaliwa, na ni mzima." Akamweka kifuani pa mama yake.

Kateri akamsogelea, akamnong'oneza, "Mama Nankondo, mwambie sasa arudi. Watoto wetu wanakufa kwa kiu."

"Mzazi haombwi kitu kabla hajanyweshwa," akasema Nankondo. Akafungua kibuyu chake.

Wale watatu wakayatazama maji yale. Walikuwa hawajanywa tangu juzi, na Nankondo mwenyewe ulimi ulikuwa umemganda kinywani. Akawatazama. Namvumo akatikisa kichwa kukubali, kisha Kateri, kisha mzee. Nankondo akainua kibuyu, akamimina maji yote, mpaka tone la mwisho, ndani ya ule weupe.

Mama Wingu akatulia kabisa. Hata miti iliacha kutetemeka.

"Nimewanywesha watu," akasema, "tangu mlima huu ulipokuwa kilima. Nimewanywesha babu za babu zenu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimenyweshwa mimi." Akamsogeza mtoto karibu. "Kule kwenu mliacha kunitazama asubuhi, mkawa mnatazamana kwa ubaya. Nikajiuliza, nizae mtoto kati ya watu ambao hata mzigo wa mwenzao hawautwiki? Nikaja huku, peke yangu. Na peke yangu ningekufa."

Mzee Sekiete alikuwa amelala kifudifudi.

"Tangulieni," akasema Mama Wingu. "Nitawafuata, ila polepole. Nimezaa."

Basi wakatangulia. Na watu wa Mahero wakaona jambo ambalo macho hayajaona tena. Waliwaona wanne wakipanda njia ya bondeni, wamelowa chapachapa, na nyuma yao Mama Wingu akitembea chini, ardhini, mpana kuliko bonde, akiyainamisha majani kwa kila hatua, mtoto wake akirukaruka ubavuni. Hakuna aliyepiga vigelegele. Hakuna aliyekimbia. Mmoja mmoja walipiga magoti, mwenye jembe karibu na mwenye nyota, mwenye nyota karibu na mwenye kuomba, na Mama Wingu akapita katikati yao, juu yao, ndani ya nywele zao, akapanda mpaka kileleni akaketi. Mvua ikaanza kunyesha, laini, kama mtu anayelia kwa furaha.

Siku iliyofuata nyua ziling'olewa, na miti yake ikawa kuni za kumchemshia maji yule mama aliyezaa mtoto mnene. Watoto wakafundishwa tena uwanja mmoja. Kateri akafundisha mikono, Namvumo akafundisha akili, Sekiete akafundisha moyo, na siku nyingine wakabadilishana, maana walikwisha kujua kwamba hakuna anayefahamu moja bila mengine.

Na yule mtoto wa wingu? Huyo hakupenda kukaa kileleni. Mpaka leo ukilala nyumba za milimani, alfajiri utaona ukungu mdogo unateremka peke yake, unavuka uwanja, unafika mlangoni, unachungulia. Wenyeji hawamfukuzi wala hawafungi mlango. Husogea tu pembeni, wakasema kwa sauti ya chini, "Karibu, mwanetu. Mama hajambo?"

Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu wake chukueni, na kama ina uchungu, niachieni mimi niliyeisimulia.