Hesabu Waliyoiita Tasa

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, barazani kwa Chui, walikuwapo hawa, nami nitawataja mmoja mmoja. Alikuwapo Chui mwenyewe, jumbe wa nchi. Alikuwapo Ngiri, jirani yake. Alikuwapo Kakakuona, mhesabu wa baraza. Na walikuwapo Siafu, mateka, elfu mbili mia tano ishirini na mmoja. Nimesema Siafu; msije mkasema sisimizi. Wa mwisho katika msafara wao alikuwa Bi Mwanamize, kizee mwenye mguu mbovu.

Chui alitaka kuwagawa, wakawachimbie wakubwa mashimo maisha yao yote. Lakini baraza lilikuwa na sheria: mafungu yalingane, asibaki mtu. Akibaki hata mmoja mpaka jua lizame, mateka wote warudi kwao. Tena mateka haguswi, ila watu wake wenyewe wamtoe.

"Wagawe kwa wawili," Chui akasema. "Mimi na Ngiri."

Tiki, tiki, tiki! Siafu wakapanga safu mbili. Akabaki mmoja, Bi Mwanamize.

"Mwiteni Nungunungu, tuwe watatu!"

Tiki, tiki, tiki! Akabaki mmoja, Bi Mwanamize.

Akaitwa Fisi, wakawa wanne. Akaitwa huyu, akaitwa yule, mpaka wakubwa wakawa kumi. Kila mara anabaki mmoja. Kila mara Bi Mwanamize!

Kakakuona akatema mate. "Hesabu tasa hii! Haizai fungu."

"Na tasa mwenyewe ni wewe, kizee," Ngiri akasema. "Wenzako wanaungua jua kwa ajili yako. Huoni haya?"

"Haya nione mimi, Bwana Ngiri, au anayegawa watu kama mihogo?" Akawageukia wenzake. "Wanangu, mimi si ziada. Yeyote atakayekaa mkiani atabaki yeye. Kaeni hivi hivi. Jua limekwisha pinda."

Siafu wakanong'onezana.

"Lakini ni mmoja tu."

"Tena mzee."

"Tena kiwete."

Wakamsukuma mbele. Naam, watu wake wenyewe, wakamsukuma!

Kakakuona akatoa ulimi. Lapu!

"Hesabuni sasa," akasema, akijifuta mdomo.

Kwa wawili, sawasawa. Kwa watatu, sawasawa. Kwa wanne, kwa watano, mpaka kwa kumi, sawasawa, habaki mtu. Chui akacheka mpaka machozi. Siafu wakagawiwa, dada huku, ndugu kule, na jua lilikuwa bado halijazama.

Nawauliza mliokaa hapa, wakubwa kwa watoto: tasa ni nani? Hesabu ikikataa kugawanyika, mnaipa jina la tusi! Basi sikieni. Yule mnayemtoa kwa kuwa ni mmoja tu, ndiye aliyewakinga wote. Mkimtoa yeye, mmejitoa wenyewe.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Bi Mwanamize amekufa.