Neno Lililoshusha Bunduki

Nipeni masikio, kisha mnipe na jibu, maana mimi sinalo.

Katika mji mmoja wa Uarabuni walikuwako watu watatu. Rabab, mkunga, alijua kusema jambo zito kwa maneno ya nyumbani. Safwani aliandika hotuba za liwali, na kalamu yake haikukwama. Ghalia alisoma habari redioni, na sauti yake ilimsimamisha hata mwenye haraka. Kila mmoja alikuwa na mtu wake gerezani: Rabab mwanawe, Safwani kaka yake, Ghalia mumewe.

Mkate ulipoadimika, watu walifurika uwanjani. Liwali akamwagiza Safwani, "Andika kwamba huu ni moto, na moto huzimwa." Wanajeshi walishapangwa, wanangoja redio tu.

Asubuhi hiyo Rabab alikwenda kumwangalia mke wa Safwani, mja mzito. Aliposikia agizo lile kwa Safwani mwenyewe alikasirika hasa.

"Moto gani, mwanangu? Huo ni uchungu. Mji unazaa!"

Na katika mji ule, penye mwanamke mwenye uchungu hapainuliwi silaha wala sauti. Hata mahasimu husubiri mpaka mtoto alie.

Safwani akalifuta neno "moto", akaandika maneno ya Rabab.

Ghalia akaipokea karatasi, akaona haina mhuri wa liwali. Kanuni ilimtaka airudishe. Akaisoma, taratibu, mara mbili.

Wanajeshi wakatazamana, wakashusha bunduki. Hakufa mtu. Liwali, alipoona kiti chake kingali chini yake, akafungua ghala la ngano na kutangaza kuwa maneno yale ni yake. Ndivyo walivyo watawala.

Kisha akawaita watatu wale faraghani. "Kila Idi namwachia mfungwa mmoja. Rabab, wewe ndiye mkubwa wao. Andika jina hapa kabla ya adhuhuri."

"Mmoja tu, bwana?"

"Mmoja."

Rabab akashika kalamu. Alimtamani mwanawe mpaka kifua kikamuuma. Lakini bila Safwani, neno lake lingebaki chumbani kwa mja mzito; na bila Ghalia, lingebaki karatasini. Akawatazama wenzake. Hakuna aliyemwomba kitu, na hilo ndilo lililomtoa machozi.

Adhana imeanza, wasikilizaji wangu, na karatasi bado nyeupe. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?