Kibanda cha Nguzo Nane

Mfalme mmoja alikuwa na bustani kubwa nyuma ya kasri lake, na katikati ya bustani hiyo alijenga kibanda. Mkisikia kibanda msifikirie fito na makuti. Kilikuwa na nguzo nane za mawe zilizochongwa maua, kuba juu yake, mabaraza ya kukalia pande zote, na katikati ya sakafu kisima cha maji baridi chenye kata yake ya kuchotea. Mlango hakikuwa nao, maana mfalme hakutaka kiwe na mlango. Alikijenga mwaka ule alipomwona kwa macho yake mpalizi mmoja akianguka juani kwa kiu, akasema kwamba bustani isiyoweza kumpa kivuli na maji mtu anayeipalilia ni aibu yake yeye mfalme. Nayaeleza haya mapema, na polepole, kwa sababu kila nikiutoa mfano huu kuna mtu hunifuata baadaye kuniuliza kibanda kilikuwa cha nini.

Kisha mfalme akasafiri, safari ya miaka mingi, akamwachia kibanda mtu aliyeitwa Shaweji, akamwambia akitunze. Shaweji hakuwa mvivu. Laiti angekuwa mvivu, watu wangeendelea kunywa maji yao kwa amani. Alifagia kila asubuhi, akasugua kata, akatoa majani kisimani. Mwaka wa kwanza wapalizi waliingia adhuhuri, wakanywa, wakajinyoosha kidogo juu ya mabaraza, wakarudi kazini. Ila waliacha tope sakafuni. Sasa mpalizi ataacha nini kama si tope? Shaweji lilimkera, akawaambia waoshe miguu kabla ya kuingia. Maji ya kuoshea yalikuwa kisimani, na kisima kilikuwa ndani, kwa hiyo akawaelekeza wakayateke mtoni. Wakatii. Wakawa wanakwenda mtoni kuteka maji ya kuoshea miguu ili waruhusiwe kwenda kunywa maji. Msicheke. Walifanya hivyo miaka miwili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Ilikuwa desturi ya nchi ile kukipaka kibanda chokaa mara moja kwa mwaka, siku ya kukumbuka kutawazwa kwa mfalme, na watu kukaa mbali siku tatu mpaka ikauke. Shaweji aliona kinapendeza mno kikiwa cheupe, akaanza kupaka mara mbili kwa mwaka, kisha kila mwezi, kisha kila wiki. Akazungusha kamba ya usumba wa nazi ili mtu asiguse. Kabla chokaa ya jana haijakauka, alikuwa amekwisha kukoroga nyingine. Matone ya kata yaliacha alama sakafuni, basi akakifunika kisima kwa mfuniko wa mvule uliochongwa vizuri ajabu, na mfuniko nao akaupaka chokaa. Maua ya nguzo yakazibwa mpaka nguzo zikawa laini kama yai, na watoto waliozaliwa miaka ile hawakujua kwamba pale paliwahi kuchongwa kitu.

Watu walizoea. Wageni walitoka miji ya mbali, wakasimama nje ya kamba, wakausifu weupe, wakarudi makwao wameridhika. Hata wapalizi, ambao ndio waliojengewa, wakaanza kujivunia. Mwenzao akisogea na jembe lake karibu na kamba, walimkemea kabla Shaweji hajafungua kinywa. Adhuhuri walikaa juani, kibanda kikiwa migongoni mwao, wakanywa maji ya mtoni waliyokuja nayo vibuyuni.

Siku moja ya jua kali, mpalizi mmoja jina lake Mwanatumu, mama wa watoto watatu, alimaliza maji ya kibuyu chake mapema akaona haya kuomba ya wenzake. Saa sita akaanguka baina ya matuta. Wenzake wanne wakambeba mikono na miguu, wakamkimbiza kibandani, maana miguu yao ilikumbuka jambo ambalo vichwa vyao vilikwisha kulisahau. Shaweji akawapokea kwenye kamba. Akawaambia chokaa ni mbichi, ameipaka alfajiri. Na hapa ndipo mfano huu unaponichosha, kwa sababu Shaweji hakuwa na roho mbaya. Alimwona Mwanatumu, akalia. Akawaambia wamngoje hapo hapo, akakimbia kwa miguu yake ya kizee mpaka nyumbani kwake, mwisho kabisa wa bustani, akarudi mbio na mtungi begani. Alikuta mama yule amekata roho, hatua sita kutoka kisimani. Wale wanne walikuwa bado wamemshika, wamesimama pale pale walipoambiwa wasimame.

Walimzika kwa heshima. Watu wakasema ni lazima akumbukwe, wakapanda mawaridi mahali alipofia. Kisha, ili mawaridi yasikanyagwe, wakaisogeza kamba nyuma hatua kumi zaidi. Nimewahi kuulizwa kama kipande hiki nimekitia chumvi. Tazameni tu mnavyoishi, mtajua kama nimetia chumvi.

Mfalme akarudi. Shaweji alimtangulia bustanini, amevaa kanzu yake ya sikukuu, akimwonyesha jinsi kibanda kinavyong'aa. Mfalme akaivuka kamba na viatu vyake vya safari, akaketi barazani, joho lake likashika chokaa, akaomba maji. Mfuniko haukufunguka. Chokaa ya miaka ilikuwa imeugandisha na sakafu, ikabidi waje watu wawili na mtaimbo. Walipokuwa wakigonga, Shaweji akasema kwamba tangu bwana wake aondoke, hakuna mguu uliokichafua kibanda. Mfalme akayatazama mawaridi, akauliza ni ya nini. Akaelezwa yote. Kisha akasema:

"Shaweji, mimi nilimjengea nani?"

Shaweji aliondolewa siku hiyohiyo, na kamba ikakatwa. Naam, naona vichwa vinatikiswa kwa kuridhika, na kila mara ni hivyo hivyo. Mnapenda sana Shaweji aadhibiwe. Kila mmoja wenu amekwisha kumpata Shaweji wake, amemvika kanzu, amemkalisha safu ya mbele, na akifika nyumbani atasema leo mwalimu kampasha fulani. Inaniudhi, nawaambia wazi. Mfalme hakuishia kwa Shaweji.

Aliwaita wale wanne waliombeba Mwanatumu. Akawauliza kwa nini hawakuingia. Wakasema waliogopa kuharibu chokaa ya mfalme. Akawauliza kama palikuwa na askari. Wakasema hapakuwa na askari, na mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda kuleta maji. Akawaambia wamwonyeshe kamba ilikuwa imefungwa juu kiasi gani. Wakatazamana, kisha mmoja wao akainama, akaweka mkono wake chini kidogo ya goti.

Shaweji alikwisha kujibu lake. Sasa niambieni nyinyi, mliosimama nje ya kamba mpaka leo mkiona kwamba kosa ni la aliyeifunga: huyo mliyembeba mikononi ni nani, na bado anapumua?