Siku Walipomuua Tai wa Jabali

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Aa, hiyo sauti ya nani, ya mgonjwa? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Haya. Kaeni vizuri, na mwenye kusinzia akalale kwao. Ngano ya leo si ya kuchekesha.

Hapo kale, kale hasa, palikuwa na kijiji chini ya jabali. Juu ya jabali waliishi tai wawili, dume na jike. Wakiruka, vwaa, vwaa, vivuli vyao vinapita juu ya mapaa ya nyasi. Na kijijini aliishi Mzee Ngowa, ambaye hata leo akitajwa watu hushusha sauti. Hakuwa mganga, hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa kutazama, basi.

Sasa, watu wa hapo walikuwa na imani yao. Mtoto akishikwa na degedege, akakakamaa, macho yakageuka juu, husema kapitiwa na kivuli cha tai. Dawa? Tai auawe, na mtoto apelekwe palepale apakwe damu ingali moto.

Mbodze alikuwa na mtoto mmoja tu, Menza. Kampata baada ya miaka mingi ya kusemwa na mawifi. Mchana mmoja wa jua kali, Menza kalala uani na homa yake, kivuli kikapita. Vwaa! Mara mtoto akakakamaa. Meno yanagongana, tete-tete-tete.

"Jamani nakufa! Mwanangu!"

Watu wakajaa. Chengo, mumewe, akachukua upinde. Ngoma ikalia, ti-ndi, ti-ndi.

Mzee Ngowa akaja na kata ya maji. Akamgusa mtoto kwenye paji la uso.

"Mbodze, mwanangu, huyu anaungua. Mvue nguo, mlaze kivulini, mpanguse kwa maji."

"Na tai je, babu?"

"Tai hula pimbi wa kule maweni. Nimemtazama tangu ujana wangu, sijamwona akimgusa mtoto."

Wifi mtu akacheka kwa hasira. "Mzee kazeeka huyu! Wewe Mbodze, mtoto anakufa nawe unatazama maji?"

Mbodze akatazama maji, akatazama watu. Moyoni alimwamini mzee. Lakini Menza akifa, si watasema yeye ndiye aliyekataa dawa? Akaogopa. Akamfunga mtoto mgongoni, akamfunika nguo nzito, wakaondoka.

Wakapanda. Jua linachoma, mawe yanachoma. Wanaimba:

*Tai shuka, tai shuka,*
*Mwana wetu turudishie!*

Mzee Ngowa yuko nyuma, kata mkononi, maji yanamwagika. "Mshusheni mtoto! Nawaomba, mshusheni!"

*Tai shuka, tai shuka,*
*Mwana wetu turudishie!*

"Mshusheni!"

Mbodze alisikia joto la mtoto mgongoni. Akamsikia anatetemeka. Kisha akamsikia katulia. Akasema moyoni, afadhali, kalala.

Fyuu! Mshale ukatoka. Pu! Dume la tai likaanguka. Vigelegele! Chengo akaja mbio, damu mikononi. "Mlete! Mlete upesi!"

Mbodze akafungua nguo. Menza hakuwa amelala.

Wakamzika siku hiyohiyo. Hakuna aliyeimba. Juu, jike la tai linazunguka, linalia, kwiii, kwiii. Ndipo wifi mtu akanyoosha kidole.

"Kumbe tumekosea! Kivuli kilikuwa cha yule! Pandeni tena, kabla hajamshika mtoto mwingine!"

Lo! Ngoma ikaanza upya, ti-ndi, ti-ndi. Na Chengo, baba mfiwa, akauinua upinde. Mzee Ngowa akafungua kinywa, sauti ikakataa. Alikuwa ameimaliza jabalini. Akakaa chini, akalia mbele ya watu wote.

Mbodze akainuka, udongo wa kaburi ungali magotini. Akasimama mbele ya mumewe.

"Chengo. Tulipotoka nyumbani, mwanetu alikuwa hai."

Ngoma ikanyamaza.

"Alikuwa hai. Nilimbeba mimi. Nilisikia anavyoungua, nikaendelea kupanda. Babu aliniambia, na nilimsikia. Nikaogopa maneno yenu."

Chengo akauweka upinde chini, akakaa palepale kando ya kaburi. Wifi mtu akajifunika uso. Mmoja mmoja wakaondoka.

Mzee Ngowa hakusema "si nilisema mimi?" Hakulisema siku hiyo, wala hakulisema mpaka anaingia kaburini. Ila tangu hapo, mtoto akishikwa na degedege, mama humwita yeye kabla ya mpiga ngoma. Wapo waliopona, wapo ambao hawakupona. Mbodze hakuzaa tena.

Basi nyinyi mnaonisikiliza: ukiambiwa neno la kweli, na moyo wako ukalikubali, lishike, hata kijiji kizima kikikuzomea. Wao wakikosea watarudi makwao, watakula, watalala. Atakayebaki na kilio ni wewe.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye mtoto, amshike.