Kidole cha Bi Mhanga

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mkeka ujae. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye la kusema alimeze. Kimya. Nikisema "Chimba!" nanyi semeni "Maji yatoke!"

Chimba!

"Maji yatoke!"

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, wanyama walikuwa na ada yao. Kiangazi kikikausha mto, huchimbwa kisima mchangani. Ambaye ukucha wake umegusa maji kwanza, huyo ndiye mwenye kisima. Yeye ndiye hupanga nani anywe, nani asubiri.

Mwaka hadi mwaka mwenye kisima alikuwa Bi Mhanga, pua ndefu, masikio kama ya punda, kucha kama majembe. Naye aliwanywesha wadogo kwanza. Panya akanywa, Njiwa akanywa, Digidigi akanywa, ndipo wakubwa wakafuata. Fisi alikuwa wa mwisho, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mfupa.

Sasa wachimbaji nao walikuwa na mila yao. Udongo wa kisima hauoshwi kuchani. Ni baraka, walisema. Ukiuosha, umeosha riziki. Basi Bi Mhanga hakunawa. Udongo ukakaa, ukakaa. Ngozi ikachanika pembeni mwa ukucha, naye akaivuta kwa meno. Lo, hapo hapo akapata mdudu wa kidole. Kidole kikavimba, kikawa chekundu, kikapwita pwi, pwi, pwi, kama ngoma ya harusi uliyonyimwa mwaliko.

Na siku ya kuchimba ilikuwa inakaribia.

Fisi akaja na pole nyingi. "Shemeji, pole mno. Paka samadi mbichi." Bi Mhanga akapaka. Kidole kikavimba.

Fisi akarudi. "Shemeji, samadi imekilainisha. Sasa toboa kwa mwiba." Akatoboa. Kidole kikavimba zaidi, mkono mzima ukawa mzito.

Fisi akarudi tena, mate yanamtoka. "Shemeji, imebaki kukikata tu. Nilete jino?"

"Lete aibu kwanza, kama unayo," ikasema sauti juu ya jiwe. Alikuwa Shangazi Pelele, mkaaji wa mawe, mdogo wa mwili, mkali wa ulimi, mjuzi wa majani. "Tangu lini wewe umemuuguza mtu akabaki mzima? Nenda zako, hapa hapana nyama."

Fisi akaenda zake akijichekea. Kisima alishakiona chake.

Pelele akakishika kidole, akanusa, akakunja pua. "Mwanangu, dawa ya kwanza ni kunawa."

"Nioshe riziki yangu, shangazi?"

"Riziki gani inanuka hivi?"

Bi Mhanga akakinusa kidole mwenyewe. Kisha akauliza, "Na maji yako wapi? Mto umekauka."

Wadogo wakasikia. Panya akaleta tone alilokuwa ameficha shimoni. Njiwa akaleta funda moja mdomoni. Digidigi akaramba umande wa majani, akaja akautema.

"Haya ndiyo maji yetu ya mwisho," akasema Panya. "Lakini Fisi akishika kisima, matone haya yatatufikisha wapi?"

Yakamiminwa kwenye shimo la jiwe. Jua likayapasha moto, Pelele akatia chumvi. Kwanza kidole kikasuguliwa taratibu, udongo wote ukatoka. Kisha akasema, "Chovya." Wadogo wakaimba:

*Chovya, mama, chovya,*
*kidole ni chako, kiu ni yetu.*

Akachovya asubuhi, akachovya mchana, akachovya jioni. Kila mara kidole kikakaushwa, kikapakwa ute wa mshubiri, kikafungwa kwa jani safi. Siku ya kwanza maumivu yakapungua. Siku ya pili uvimbe ukashuka. Siku ya tatu usaha ukatoka wenyewe, bila mwiba, bila jino.

Siku ya kuchimba ikafika. Fisi alikuwa wa kwanza mtoni, anatimua mchanga huku na huku.

"Shemeji yuko wapi? Bado anauguza?"

"Shemeji yuko nyuma yako," akasema Bi Mhanga, mikono yake imetakata.

Wachimbaji wazee wakaguna. "Huyu ameosha baraka. Ataambulia mchanga mkavu."

Bi Mhanga akainama. Akanusa mchanga, akachimba. Akachimba kikapotea kichwa, yakapotea mabega, ukabaki mkia tu. Huku Fisi kila akichota, mchanga unamrudia usoni.

Mara sauti ikatoka chini: "Panya, shuka unywe."

Wadogo wakapiga vigelegele mpaka mawe yakaitikia. Wachimbaji wazee wakatazama kucha zao, wakazificha.

Basi, wanangu, kidole kimoja kikiugua, nchi nzima huweza kulala na kiu. Mila isiyoufaa mwili, mwili hauna deni nayo. Nawa, chovya maji ya vuguvugu, usitoboe, usivute ngozi kwa meno. Na ukiona wekundu unapanda mkononi au homa inaingia, acha majani, mwone daktari mapema.

Watoto wa Mhanga walirithi kisima. Ukoo wa Panya ulirithi zamu ya kwanza. Kina Pelele walirithi jiwe lenye jua, na juu yake wanaota jua hadi leo. Fisi alirithi tope na kicheko. Nanyi mmerithi ngano. Ibebeni, mimi nimeitua.