Sange, Mama Yake na Kiboko wa Langoni

Jamani, mpo?
— Tupo, masikio tumeyasafisha.
Nina uongo mkononi, niuachie?
— Uachie utembee.

Basi ukatembea, ukatembea, ukafika kwenye msitu ambako kila mnyama alikuwa na simu, na kila simu ilikuwa na mchezo mmoja tu, ule wa vyombo vya angani.

Mchezo wenyewe mgumu. Vitufe vyake havihesabiki. Anayeanza anapewa chombo kidogo kama kifuu, bunduki ya kutekenya, na maelezo ya kurasa mia mbili ambayo hakuna anayeyasoma. Nakiri na mimi sikuyasoma, Mungu anisamehe uvivu wangu. Chombo kikivunjika, jina lako linafutwa. Huwezi kurudi tena.

Katikati ya anga kulikuwa na lango. Upande wa huku palikuwa na sheria: anayeanza kumpiga mwenzake, askari wa mchezo wanashuka wanamsaga. Ila ukichukua sanduku la mtu umekuwa mwizi, na mwenye sanduku na kundi lake wanaruhusiwa kukupiga, askari wanatazama tu. Upande wa kule wa lango hapakuwa na sheria yoyote.

Kiboko alikuwa na chombo kama kilima. Alikaa mbele ya lango, akaliacha sanduku lake lielee.

Akaja Swala, akaona sanduku, akasema hilo la bure, akachukua. Kiboko akampiga. Puu. Jina likafutwa. Akaja Kanga, akaona sanduku, akasema hilo la bure, akachukua. Kiboko akampiga. Puu. Jina likafutwa. Akaja Nungunungu, huyo mjanja, hakuchukua. Akavuka lango. Kiboko akamfuata kule kusiko na sheria. Puu. Jina likafutwa. Na mabaki yote Kiboko akayameza.

Sasa Sange. Sange ni kijinyama cha ukubwa wa panya, pua ndefu, miguu myembamba. Mama yake alivunjwa miguu ya nyuma na mtego, hatoki shimoni. Sange ndiye aliyemwingiza mchezoni, na humo ndani mama akawa anakimbia tena. Vuuu, huku. Vuuu, kule. Shimo zima likawa na kicheko.

Siku moja, Kiboko akiwa amesinzia, mama akapita karibu na lango, akabonyeza kitufe akidhani anawasha taa. Lango likamvuta, likamtupa upande wa kule.

"Mwanangu, nimebonyeza nini?" akauliza. "Huku sijui ni wapi. Na mafuta yamebaki ya kuelea tu."

Alikuwa amekaa kando ya Sange pale pale shimoni, bega kwa bega, lakini kule ndani alikuwa mbali kabisa. Na chombo kikiishiwa mafuta, kinaganda, jina linafutwa.

Sange akapakia mafuta, akaenda langoni, akamsalimia Kiboko kwa heshima zote, akamweleza habari ya mama yake.

"Pita, binti," Kiboko akasema. "Nani kakuzuia? Nitakusindikiza." Akacheka, mwaa, mwaa, mwaa.

Sange akarudi nyuma. Akawatafuta wanaoanza wenzake, wale waliokuwa wakijificha nyuma ya mawe ya angani, wakichimba madini na kulia. Wakafika arobaini. Akawaambia wawe kundi moja, na kiongozi awe Ngedere kwa wepesi wa mikono yake. Akawafundisha sheria ya sanduku neno kwa neno. Kisha akatengeneza sanduku, akalijaza kokoto, akaandika juu yake: Chakula cha harusi, tafadhali msiguse. Akaliacha lielee mbele ya pua ya Kiboko.

Kiboko akasoma. Akasoma tena. Mate yakamtoka.

"Babu, la watu hilo," Sange akasema.

"Na nikichukua utanifanya nini? Utanitekenya?"

Akachukua. Akawa mwizi.

Nyuma ya mawe wakatoka arobaini. Ti. Ti. Ti. Bunduki moja ya kutekenya si kitu, lakini arobaini, tangu asubuhi hadi jua la utosi, ti, ti, ti! Kiboko akageuka huku, mzito. Akageuka kule, mzito. Akawaita askari. Askari wakatazama tu. Puu. Jina likafutwa.

Wenzake wakabaki wanashangilia na kuokota mabaki. Sange hakungoja. Akavuka lango, vuuu, akamkuta mama yake, akammiminia nusu ya mafuta, wakaanza safari ya kurudi taratibu.

Walipofika langoni wakakuta vyombo arobaini vimewatangulia upande huo usio na sheria. Ngedere alikuwa mbele, amekaa ndani ya gamba la chombo cha Kiboko.

"Dada Sange, wewe pita, ni mwenzetu," akasema. "Huyo mama si wa kundi."

Sange akaomba mama yake aingizwe kundini.

"Kundi limejaa. Tumekubaliana."

Sange akawataja mmoja mmoja kwa majina, akawakumbusha mawe waliyojificha. Wakatazama pembeni, ila bunduki hawakuzishusha. Akatafuta hila. Hila zote alizokuwa nazo alikuwa ameshawafundisha.

Angeweza kupita peke yake. Akamtazama mama yake pale shimoni. Hakupita.

"Mafuta yamebaki kiasi gani?" mama akauliza.

"Kidogo, mama."

"Basi tukimbie."

Wakageuza vyombo. Mama mbele, vuuu. Sange nyuma, vuuu. Wakakimbia kuelekea kusikokuwa na nyota, mpaka mafuta ya mama yakaisha, na ya Sange yakaisha. Jina la kwanza likafutwa. Jina la pili likafutwa.

Shimoni, mama akaiweka simu chini. Akaivuta miguu yake karibu kwa mikono, mmoja, halafu wa pili.

Uongo wangu umechoka, umelala hapo. Anayeutaka aubebe.
— Tumeubeba, ni mzito.

Funzo nalo nalitoa, maana kwenye jumuiya yetu hadithi isiyo na funzo inaitwa umbea, na umbea nimeshauungama mara nyingi. Wewe unayeanza, usiogope. Soma maelezo. Tafuta kundi lenye upendo. Na ukijua jambo, wafundishe wenzako wote. Hawatakusahau.