Mto Umepanda Lori

"Usipekue mtungi wa jirani, mto umepanda lori." Mmelisikia neno hili sokoni mkacheka, sasa mwataka kujua lilikotoka. Chanzo chake ni hiki.

Huko milimani Upare, kijiji kizima kilinywesha mashamba kwa ndiva moja, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya kijito. Mwenye kuizibua alikuwa Nakijwa, mjane asiye na maneno mengi. Mwaka ule watu walipoanza kulima maharage machanga ya kupeleka Ulaya, ndiva ikawa haijai. Kila mtu akamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, na macho yote yakaishia kwa Nakijwa.

"Anawazibulia watu kwa siri," akasema Mzee Mgonja, shemeji yake. "Aondolewe, na zamu yake ya maji ikatwe."

Zamu ikikatwa, mahindi yake yamekwisha. Nakijwa akawafungulia mlango wapekue kama ameficha maji. Wakachungulia mitungi, wakainua hata kitanda. Hamna kitu. Lakini yeye naye alikuwa na wa kumshuku.

"Mbona shuleni hamwendi?" akauliza. "Kule kumestawi mno."

Wakaenda naye. Wakawakuta wanafunzi wa Mwalimu Mrutu wakichuma maharage kwenye tuta dogo kama mkeka.

"Wezi ndio hawa!" akafoka Mgonja.

"Shikamoo, babu," akasema binti mmoja, Naelijwa.

"Marahaba," Mgonja akaitika kwa hasira.

"Tulimwagilia maji tuliyooshea vyombo nyumbani. Kila ndoo, Mwalimu alituambia tuweke jiwe." Akaonyesha rundo lililomfika kiunoni. Kisha akainua ungo. Maharage hayakuufunika hata nusu.

Mgonja akatazama rundo, akatazama ungo. "Sasa maji yote hayo yako wapi?"

"Si ndiyo haya, babu? Yamegeuka maharage."

"Na atakayeyala kule Ulaya," akauliza mwalimu, "atakuwa ametumia maji ya wapi?"

Honi ikalia barabarani. Lori likateremka limejaa makreti ya maharage.

"Kalipekue na lile, shemeji," akasema Nakijwa. "Makreti ya juu ni yako. Kreti lile la chini ni langu."

Mgonja akainamisha macho. Siku hiyo wakakubaliana mahindi yanywe kwanza, lori lipate masalio, na ndiva akabaki nayo Nakijwa. Hata hivyo maji yalipopungua, watu walianza tena kutazamana. Nakijwa hakugombana nao. Alinyoosha kidole barabarani tu, akasema:

"Usipekue mtungi wa jirani, mto umepanda lori."